Bustani ya mdogo wangu kwenye jalidi

Picha iliingia saa tano asubuhi, Novemba mwaka juzi, nikiwa nimechuchumaa kitaluni najaza udongo kwenye mifuko. Mdogo wangu aliituma bila salamu, na si kawaida yake. Ilikuwa haibiskasi aliyoinunua Agosti, ile nyekundu iliyopo kila uani, ambayo hapa Kisauni, Mombasa, ukikata tawi ukalichomeka penye maji ya kuogea, linashika. Majani yote yalikuwa yamelala. Yamekuwa meusi kwa kijani, yanaonyesha mwanga upande wa pili, sawasawa na mchicha uliotolewa sufuriani sasa hivi. Chini yake ameandika: "Dada, jana jioni ilikuwa nzima."

Yeye ni muuguzi, anaishi Falmouth, mji wa bandari huko Cornwall, ile ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Mwaka ule ndio kwanza alikuwa amepata nyumba yenye bustani, kipande cha hatua kumi na mbili kwa saba kinachotazama bahari kwa mbali, na akataka kiwe kama ua wa mama yetu Kibokoni. Mama alikuwa na mwasumini ndani ya debe la mafuta, mirehani kwenye sufuria zilizotoboka, na mkilua mmoja, mti wa maua ya kunukia, uliokuwa ukiegemea ukuta wa jirani. Alasiri alichuma asumini zikiwa bado vitumba, maana zinafunguka usiku, na ukizichuma zimeshafunguka harufu yake imeshakwenda na upepo. Sisi kazi yetu ilikuwa kushika sahani na kutozigusa gusa.

Basi mdogo wangu akaenda duka la mimea, akaona meza nzima ya mimea ya nchi za joto, akanunua haibiskasi, bogenvilia mbili na mche wa mnazi uliokuwa bado umebeba nazi yake. Aliyemuuzia akamwambia Cornwall hakuna baridi kali, vyote vitakaa nje. Vyote vinne vilikufa kabla ya Krismasi. Mimi nauza miche mwaka wa kumi na tisa huu, na hili liliniudhi mpaka leo linaniudhi. Mche uliokuzwa ndani ya nyumba ya vioo, umelishwa na kupashwa joto tangu mbegu, haujui hata upepo. Mwenye kuuza anajua hivyo. Kumpa mtu mche unaojua hautauona mwaka mpya ni kumla pesa zake, na zaidi ya pesa, ni kumvunja moyo wa kupanda.

Nilimwandikia asinunue tena hata kijiti mpaka tuzungumze.

Tatizo ni kwamba mimi jalidi, ule umande unaoganda usiku wa baridi, sijawahi kuiona kwa macho. Hapa Mombasa usiku wa Julai ukishuka nyuzi 20 watu wanatafuta sweta. Nilichokuwa nacho kichwani ni picha za mashamba ya chai ya Kericho mapema 2012, yalivyogeuka kahawia kana kwamba moto umepita juu yake. Ikabidi nisome. Nikaelewa kwamba maji ya nje ya chembe za jani ndiyo huganda kwanza, na barafu ile huyavuta maji ya ndani, ngozi nyembamba za chembe zikakauka na kupasuka. Asubuhi jua likitoka, barafu inayeyuka na jani halina tena kitu cha kulishikilia. Ndiyo maana likawa mchicha. Mimea iliyozoea baridi hujiandaa mapema: siku zinapofupika na usiku kupoa kidogo kidogo, hujilimbikizia sukari ndani ya chembe, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Haibiskasi yetu haina matayarisho hayo. Kwa nini iwe nayo? Haijawahi kuhitaji.

Lakini chumvi naijua. Chumvi nimeshindana nayo tangu nilipoanza. Kusi likivuma Mei hadi Agosti, miche iliyoko upande wa bahari inaungua ncha za majani kwanza, halafu kingo, halafu jani zima, na mteja anarudi kuniambia mmea una ugonjwa. Hauna ugonjwa, umelishwa chumvi. Falmouth nako upepo unatoka baharini, tena majira ya baridi ndiyo mkali zaidi. Kwa hiyo neno la kwanza nililomwambia mdogo wangu halikuhusu baridi kamwe. Nilimwambia: panda kinga ya upepo kwanza. René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi mwaka 1971, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe wenye maji ya chumvi chini yake, mvinje ndio ulioshika vizuri, na nyuma ya mvinje ndiyo mengine yote yakaweza kuja. Huko Cornwall mvinje hawana, lakini wana Griselinia littoralis kutoka New Zealand, majani mazito ya kung'aa kama yaliyopakwa mafuta, na Escallonia ya Chile yenye maua ya waridi. Yote mawili yanasimama mbele ya bahari bila kulalamika. Yeye hakufurahi. Alitaka maua, mimi namwambia ua wa miti. Hata hivyo akapanda.

La pili lilikuwa mvua, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukitarajia. Mvua ya Mombasa kwa mwaka ni kidogo zaidi ya milimita 1,000. Ya Falmouth nayo ni karibu hivyo hivyo. Nilipoona tarakimu hizi nilishangaa, nikadhani nimekosea. Tofauti ni majira. Kwetu masika huja ardhi ikiwa na joto, mizizi imeamka, kila tone linanyweka. Kwake sehemu kubwa inanyesha Oktoba mpaka Februari, mmea umelala, udongo baridi, jua linatua kabla ya saa kumi na nusu alasiri mwezi wa Desemba. Maji yanakaa mizizini hayana mwenye kuyanywa, na mizizi inaoza. Mimea mingi ambayo watu wanasema imeuawa na jalidi, imekufa kwa kulowa. Agave ya Meksiko, kwa mfano, inastahimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri ikiwa imekaa kavu. Ikiwa miguu yake iko majini haifiki mbali.

Nikamwambia achimbe shimo la dhiraa moja, alijaze maji, alale. Asubuhi akanionyesha kwa simu: maji bado yapo, na juu yake limeelea jani. Tukajua. Ikabidi atengeneze tuta lililoinuka chini ya ukuta wa nyumba, achanganye changarawe na mboji, na ndani ya tuta hilo ndiko kila kitu cha thamani kikae.

Ukuta wenyewe ni kisa. Mimi huku nawaambia wateja wasipande kitu laini karibu na ukuta unaopigwa na jua, utakichoma. Kule ni kinyume. Falmouth iko nyuzi 50 kaskazini ya ikweta, jua la Januari linapita chini sana upande wa kusini, na ukuta unaotazama kusini unalipokea mchana kutwa kisha usiku unalirudisha pole pole, kama jiko lililoachwa na makaa. Nyuzi mbili tatu tu, lakini mara nyingi hizo ndizo uhai wenyewe. Usiku mwingi wa Januari pale Falmouth haufiki hata kuganda, kwa sababu ya bahari na mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki. Jalidi inakuja siku chache. Mmea unaoweza kuvuka siku hizo chache una mwaka mzima mzuri mbele yake.

Ndipo tukaanza kuchagua, na tukaanza kuvutana.

Royal Horticultural Society, chama kikubwa cha watunza bustani cha Uingereza, kimeipanga mimea kwa herufi H na namba. H1 ni ya kukaa ndani ya joto, na karibu kila kitu ninachouza mimi kimo humo. H3 inavumilia mpaka nyuzi 5 chini ya sifuri, H4 mpaka 10, H5 mpaka 15. Mdogo wangu alitaka kuchukua H5 zote amalize. Nikamkataza, kwa sababu ukichagua kwa namba peke yake utaishia na bustani ya kila mtu wa mtaa ule, na yeye hakunipigia simu kwa ajili hiyo. Pale pwani ya Cornwall H3 na H4 ndiko kuliko na vitu vya ajabu, vile ambavyo mtu wa Birmingham, mbali na bahari, hawezi kuviweka nje.

Yeye alikwisha kuupenda Trachycarpus fortunei, ule wa jamii ya minazi uliotoka China, ambao Robert Fortune aliupeleka Uingereza mwaka 1849. Ni H5, unasimama hata kwenye theluji, na shina lake limevikwa nyuzi kama kumbi la nazi lililochambuliwa nusu. Mti mzuri. Lakini jani lake ni pana, na upepo wa bahari unalivunja vunja likaning'inia, na hakuna kitu kinachonisikitisha kama mti wa jamii ya mnazi wenye majani yaliyovunjika. Nikamwambia atafute Chamaerops humilis. Huu ni wa pwani za Mediterania, Uhispania, Sisilia, Moroko. Unakaa mfupi, unatoa vichipukizi shinani mpaka unakuwa kichaka, jani lake dogo, gumu, limefunguka kama upepeo, na chumvi kwake ni chakula. H4. Vikonyo vina miiba, kwa hiyo usiuweke njiani. Aliponitumia picha ya kwanza niliiangalia muda mrefu, kwa sababu lile jani ni la mkoma kabisa, mkoma wa kwetu tunaochuma miyaa ya vikapu na majamvi. Na nikaja kusoma kwamba watu wa huko nao wanasuka vikapu kwa majani yake na kufunga fagio. Mikono ya mbali, ususi mmoja. Nikamwambia mdogo wangu, huyu ni wa ukoo.

Mgomba alinishinda nguvu akaununua. Musa basjoo, majani yanaungua usiku wa kwanza wa jalidi, lakini ukikata shina na kulifunika nyasi kavu nene, Mei linachipua. Ndizi zake hazilwi. Nilimuuliza mgomba usiolika ni wa kazi gani, akanijibu kwamba anataka kusikia mvua ikipiga majani yake akiwa jikoni. Nikanyamaza. Fatsia japonica ya kivulini, sawa, haina kisa, jani kubwa kama mkono na haimsumbui mtu. Echium pininana ya kisiwa cha La Palma huota rozeti, yaani majani yaliyojipanga duara karibu na ardhi, mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili au wa tatu hupanda mnara wa maua ya buluu mrefu kupita watu wawili, nyuki wanaujaa, halafu unakufa na kumwaga mbegu. Ana miche mitatu. Tutaona.

Mkilua nilimkatalia kabisa. Aliuliza mara mbili. Mkilua ni mti wa misitu yetu ya pwani, Kenya na Tanzania, hauna mahali pengine duniani. Bernard Verdcourt alipouandika rasmi mwaka 1970 aliupa jina la kisayansi Mkilua fragrans, Kiswahili kitupu kimeingia kwenye vitabu vya mimea. Huo ubaki hapa. Ninao miche sita na inakwenda polepole kama kobe.

Ilibaki asumini, na asumini ndiyo ilikuwa jambo lenyewe tangu mwanzo. Mwasumini wa mama ni Jasminum sambac, ukiuweka nje kule hauuoni Desemba. Unaweza kukaa kwenye chungu ndani, dirishani, na nilimwambia awe nao mmoja hivyo. Lakini alitaka kitu cha kutambaa ukutani, kitu cha kufungulia mlango jioni na kukutana nacho. Nilitafuta wiki nzima kabla ya kumwambia anunue Trachelospermum jasminoides, ambayo wauzaji huko huiita asumini ya nyota. Asumini ya kweli siyo. Ni jamii ya franjipani, na ukikata tawi linatoka utomvu mweupe wa kunata ambao haufai kugusa macho. Ua ni dogo, jeupe, petali tano zimepinda upande mmoja kama feni inayozunguka. Inavumilia mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri penye ukuta, haidondoshi majani, na harufu yake, kwa maneno yake mwenyewe mwezi wa Julai mwaka jana, "ni ya mama ikiwa imetiwa maji kidogo." Alichuma maua, akajaribu kuyatunga, uzi ukagandana na utomvu. Sasa anayaweka kwenye sahani ya chai kando ya kitanda.

Moja nililomchagulia mwenyewe bila kuniuliza, nalo ndilo ninalojivunia. Kniphofia thomsonii. Ni ya kwetu, Kenya hii hii, ya nyanda za juu za Nyandarua na Mlima Kenya, kule ambako usiku nyasi huamka nyeupe. Jina lake ni la Joseph Thomson, yule Mskoti aliyeondoka Mombasa mwaka 1883 kuvuka nchi ya Wamasai. Kniphofia nyingi za bustanini ni za Afrika Kusini, zenye kichwa kizito cha maua yaliyobanana kama mwenge. Hii yetu si hivyo. Bua lake ni refu jembamba, na maua ya rangi ya machungwa yamening'inia mbali mbali, kama shanga ambazo mtungaji aliishiwa akaamua kuzipa nafasi. Watu wanne wa mtaani kwake wameshamsimamisha kumuuliza ni nini. Anawajibu ni ua la Kenya, na nyumba nzima ya familia hapa tumefurahi kama tumezaa.

Sikumficha kwamba siku itakuja. Visiwa vya Scilly viko mbele ya ncha ya Cornwall, vina joto kuipita, na kwenye kisiwa cha Tresco kuna bustani iliyoanzishwa na Augustus Smith mwaka 1834, imejaa mimea ya Afrika Kusini, Australia na visiwa vya Kanari iliyo nje mwaka mzima. Januari 1987 theluji na jalidi vikaingia, wakapoteza sehemu kubwa ya mimea yao. Wakapanda upya. Januari 1990 dhoruba ikang'oa miti mingi ya kinga. Wakapanda tena kinga, wakaanza tena. Sasa kila Agosti mdogo wangu anakata vipandikizi vya kila kitu cha H3, anaviweka kwenye chungu dirishani pa ngazi. Ukiwa na kipandikizi ndani, unathubutu nje.

Januari hii akanipigia saa nne na nusu asubuhi yetu, kwake ndiyo kwanza kunapambazuka, simu imegeuzwa kuelekea ukutani. Usiku ulikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri. Asumini ya nyota ilikuwa imegeuka. Majani ya juu yote yalikuwa mekundu meusi, rangi ya tende iliyoiva, na nyuma yake nyasi nyeupe tupu. Sauti yake ilikuwa ile ya Novemba.

Nikamwambia asogee karibu. Shika jani, nikamwambia, ni laini au gumu? Gumu. Linaonyesha mwanga? Halionyeshi. Akapiga magoti, nikaona goti la suruali yake ya kazi likilowa. Nikamwambia tafuta shina la unene wa penseli, karibu na chini, ukwangue kwa ukucha, kidogo tu, usilitie jeraha kubwa. Picha ikatikisika, nikaona ukucha, nikaona gamba la kahawia likifunuka kama ganda la karanga.

"Kijani," akasema. "Dada, ni kijani kibichi kabisa."

Majani yake huwa mekundu kwa baridi, nikamwambia, Aprili yatarudi. Maji usiupe mpaka Machi. Nenda kazini.